Ngumi Kutoka Manyovu

Mafundi wengine wa Kasulu huchagua vipuri kwa macho. Stanislaus alichagua kwa masikio, na alihakikisha kila mtu anajua hivyo. Alikuwa akikifunga chuma kwa waya, anakining'iniza kwenye boriti ya karakana yake kando ya barabara ya Kibondo, anakigonga kwa spana namba kumi na saba, kisha anainamisha kichwa kama padri anayesikiliza maungamo. Chuma kizima hulia na kuendelea kulia. Chuma chenye ufa ndani hulia mara moja kikanyamaza. Wateja walipenda kumtazama akifanya hivyo, na wengine walizima simu zao kabisa wasije wakamharibia.

Miaka thelathini na moja aliishi kwa masikio hayo, na kusema kweli hayakuwahi kumdanganya. Shida ni kwamba mtu akisifiwa kiungo kimoja kwa miaka thelathini na moja, huanza kudhani vingine havina kazi.

Kuomba radhi hakujua. Mkewe, Vestina, aliwahi kuwaambia wanawake wa jumuiya kwamba Stanislaus akimkanyaga mtu mguu, atamwambia ni mguu uliokaa vibaya. Wanawake walicheka, maneno yakamfikia mwenyewe, naye akanyamaza siku nne mezani. Siku ya tano alisema chakula kimezidi chumvi. Huo ndio ulikuwa upatanisho wake.

Alikuwa pia na desturi, nayo ndiyo iliyomjazia wateja. Gari lililoguswa breki haliondoki karakana bila fundi. Aliyefunga ndiye anayepanda safari ya kwanza. Anakaa kiti cha abiria, mikono mitupu, bila hata bisibisi mfukoni, mpaka gari lishuke milima yake mikubwa ya kwanza. Stanislaus ndiye aliyeianzisha, wengine wakaiga, na siku hizi ukitoka Kasulu mpaka Kibondo fundi wa breki asiyepanda hapewi kazi. "Nikifunga vibaya, tunakufa wote," alikuwa akiwaambia wateja, na maneno hayo yaliwaingia kuliko dhamana ya maandishi.

Nyuma ya karakana, katika chumba cha mabati kilichokuwa stoo ya matairi, alilala Mulenda. Huyu alikuwa Mkongo wa Uvira, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya Stanislaus, ingawa kulisema hilo Kasulu kulikuwa kujitafutia ugomvi. Kutoka kambini kulihitaji kibali. Chake kilikuwa cha siku mbili, yeye akikaa wiki nzima. Mkewe Félicité na binti yao Esperance, wa miaka kumi, walibaki kambini wakisubiri kitu kimoja walichoamka nacho na kulala nacho: mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine. Majina yao yalikuwa yametoka na tarehe ilikuwa imepangwa. Waliamini kwamba doa moja tu la polisi lingewafutia yote. Mulenda alimweleza Stanislaus mambo hayo tangu siku ya kwanza, kwa uaminifu, ili ajue kwa nini yeye hatoki kwenda mjini wala hagombani na mtu. Stanislaus alitikisa kichwa kwa huruma, kisha akayaweka maneno hayo mahali salama.

Basi mwaka juzi, mwezi wa saba, akaja Twalibu. Twalibu ana duka kubwa la vitambaa pale Kasulu, watu wake asili yao Ujiji, na ni mtu wa maneno matamu na nia njema. Alikuja na Landikruza fupi ya mwaka 1974, mali ya marehemu baba yake, iliyokuwa imelala chini ya turubai miaka tisa. Injini ilikuwa nzima. Breki zote nne zilikuwa za dramu, zile za zamani ambazo kiatu hutanuka ndani ya kopo la chuma.

"Bwana Stani," alisema, "Firdausi wangu anaolewa Kibondo, wiki tano kuanzia leo. Nataka aende kwa mumewe ndani ya gari la babu yake. Lakini breki hizi ukikanyaga leo, gari linasimama kesho. Niwekee za diski. Na chini huku unitengenezee vizuri, mtoto asirushwerushwe akafika amevunjika kiuno."

Stanislaus alizunguka gari mara mbili bila kusema neno, jambo ambalo wateja hulilipia. Kisha akatoa hukumu. Springi za mbele zina bapa tisa kila upande, ni za kubebea mizigo, zitapunguzwa zibaki tatu ili gari liwe laini. Shokapu zitakuwa laini vilevile. Za diski atazitafuta mwenyewe. Twalibu akaondoka ameridhika.

Mulenda alingoja mpaka mteja amefika barabarani. Ndipo akasogea, akasema kwa upole, "Patron, bapa tatu ni kidogo. Diski inauma kwa nguvu kupita dramu. Ukifunga breki, gari itainamisha pua mpaka gurudumu liguse mudigadi. Tuache bapa tano nyembamba, tubadilishe bushi zote, na mbele tuweke shokapu ngumu. Bibi arusi hatasikia kitu."

"Nilikuwa naelekea hukohuko," alijibu Stanislaus.

Kesho yake Twalibu alipopita, alikuta maelezo kamili. "Diski inang'ata, Bwana Twalibu. Inang'ata kwa ghafla, gari linainamisha pua. Kwa hiyo nimefikiria usiku kucha: bapa tano nyembamba, shokapu ngumu mbele." Mulenda alikuwa palepale, amechuchumaa juu ya karai la petroli akisafisha bolti, wala hakuinua uso. Yeye sifa hakuzihitaji. Alihitaji wiki chache zipite bila jina lake kutajwa na mtu yeyote.

Shauri lake la pili lilihusu ngumi. Mafundi wa pale huita ngumi vile vyuma viwili vya mbele vinavyoshika magurudumu na kugeuka nayo. Mulenda, kwa lugha ya gereji za Uvira, aliviita fizé. Ngumi za gari lile zilitengenezwa kwa dramu, hazina pa kushikizia breki za diski. Ilibidi zing'olewe, ziwekwe za gari la miaka ya mbele, pamoja na diski zake. "Patron, tafuta zote mbili za gari moja, na gari ya hapahapa Tanzania," alisema Mulenda. "Kahama ziko. Nina ndugu anaweza kuuliza."

Kahama ndugu yake Mulenda angeuliza. Manyovu angeuliza Stanislaus mwenyewe, mbele ya watu. Alikwenda Manyovu.

Pale mpakani, nyuma ya maroli yanayosubiri kuvuka, kuna wauzaji wa vipuri vya magari yaliyochinjwa upande wa Burundi. Stanislaus alifika saa nne asubuhi na spana yake kwenye mfuko wa koti. Alichagua jozi moja ya ngumi, akaomba waya, akaining'iniza ya kwanza kwenye mlango wa kontena, akagonga. Chuma kililia mpaka wabadili fedha wakaacha kuhesabu noti zao wakageuka kutazama. Akagonga ya pili. Nayo ikalia vivyo hivyo. Kijana mmoja muuzaji akasema mzee huyu ni mashine. Stanislaus alisikia, na furaha ilimjaa kifuani mpaka akasahau kununua chakula cha mchana. Ngumi zilikuwa nzima kabisa, hazina ufa hata wa nywele. Masikio hayakumdanganya.

Alizishusha Kasulu alasiri, mbele ya Twalibu na wateja wengine watatu. Mmoja wao alikuwa Sylvesta, mwenye lori la kubebea muhogo, mtu ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Mulenda alichuchumaa, akaigeuza ngumi moja, akaigeuza ya pili, akaona, na maneno yakamtoka kabla hajaangalia ni nani wamesimama pale.

"Patron, hizi ni za gari ya volani ya kushoto."

Ni kweli zilikuwa hivyo. Burundi magari hupita mkono wa kulia na usukani hukaa kushoto. Kwa hiyo ngumi ya kushoto ndiyo huwa na mkono mrefu unaopokea rodi ya usukani, na ya kulia haina. Gari la Twalibu usukani wake uko kulia. Jambo hili halihitaji shule. Anayeuza karanga pale Manyovu analijua, kwa sababu kila siku anaona dereva wa Burundi akitoa mkono upande usio wake. Stanislaus, aliyeishi na mpaka huo maisha yake yote, alikuwa amesikiliza tu. Hakutazama.

"Kumbe hata vyuma vina uraia," alisema Sylvesta.

Watu wakacheka. Twalibu naye alicheka, kidogo tu, kwa adabu. Kicheko hicho cha adabu ndicho kilichomchoma Stanislaus. Aliona aibu, na papo hapo aibu ikageuka chuki, na chuki ikapata mtu wa kumkalia.

"Nani amekuuliza?" alimwambia Mulenda. "Kibali chako kinaisha lini?"

Mulenda akaiweka ngumi chini. Kicheko kikaisha, maana watu hawapendi kucheka mahali ambapo mtu ametishwa.

Stanislaus akamgeukia Twalibu, uso umekauka. "Nilijua ni za kushoto. Nimezichukua makusudi. Chuma kama hiki hukipati popote, umekisikia mwenyewe kilivyolia. Mkono nitauhamishia kulia." Ulikuwa uongo mtupu, na kwa kuwa aliusema mbele ya watu wanne, hakuwa tena na njia ya kurudi nyuma bila kuumbuka.

Njia yenyewe haikuwa ndefu. Mkono wa gari la zamani haukukubali, matundu yake hayakukutana na ya ngumi mpya. Lakini Mulenda alipiga simu Kahama usiku uleule, na asubuhi alikuja na jibu: ngumi ya kulia yenye mkono wake ipo, ikitumwa na basi itafika kwa siku tatu. Arusi ilikuwa bado wiki mbili na nusu. Siku tatu tu, jamani. Stanislaus alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia akaoshe ekseli.

Jumapili, wakati Vestina yuko misani na karakana nyingine zote zimefungwa, aliukata ule mkono mrefu kutoka ngumi ya kushoto kwa grainda, akaubana kwenye jiliwa, akawasha mashine ya kuchomelea. Alimwita Mulenda aje amshikie. Mulenda alisimama mlangoni.

"Chuma ya volani haichomelewi, patron. Miye sitaigusa."

"Kaa nje basi."

Alichomelea mwenyewe kwa muda wa saa nzima, akapanga mshono juu ya mshono, akausugua mpaka ukawa laini. Kwa macho ulikuwa mshono mzuri kuliko yote aliyowahi kufanya. Kisha, kwa mazoea tu, akaifunga ngumi kwa waya, akaining'iniza, akagonga.

Ililia mara moja, ikanyamaza.

Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu, kwa nguvu, kama mtu anayemgombeza mtoto aseme vizuri. Ikanyamaza vilevile. Stanislaus alikaa juu ya gurudumu bovu na kutazama sakafu. Alijua. Asije mtu akamtetea kwamba hakujua; masikio yake yalimwambia kwa lugha ileile yaliyomwambia nayo miaka thelathini na moja, naye aliyaelewa. Kilichokuwa kwenye mizani ni maisha ya watu watakaokaa ndani ya gari lile, na upande wa pili ni Sylvesta kusema neno lake jingine. Akainuka, akachukua kopo la rangi nyeusi.

Gari lilikamilika Jumatano. Lilikuwa limependeza. Springi mpya zililikalisha sawa, shokapu zililishika, na lilipojaribiwa uani breki za diski zililisimamisha papo hapo. Twalibu alipiga makofi kwa furaha. Akasema Alhamisi asubuhi atalipeleka Kibondo kwa wakwe, walione kabla ya siku yenyewe, na kwamba atakwenda na fundi, kama ilivyo desturi.

Alhamisi Stanislaus aliamka ana homa. Alijifunika blanketi, akamwambia Vestina mwili wote unamuuma. Vestina akamletea ugali wa muhogo na maharage, akasimama kumtazama akila. Alipomaliza, aliomba aongezewe.

"Homa inayokula hivyo sijapata kuiona," alisema Vestina, akachukua sahani akatoka. Baadaye alijilaumu sana kwa kutosema zaidi.

Stanislaus akamwita Mulenda chumbani. Mulenda alikuja akasimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Leo utapanda wewe."

"Patron, ile mkono si miye niliifunga."

"Springi umefunga wewe. Shokapu wewe. Diski tumefunga wote."

"Wewe unajua itavunjika."

Stanislaus alivuta blanketi mpaka kidevuni. Hakupaza sauti. Kwa kweli aliongea kwa upole kuliko alivyowahi kuongea na mtu huyu tangu amjue. "Mahojiano yenu ni tarehe ngapi?"

"Kumi na tisa," alisema Mulenda.

"Basi siku zimebaki chache. Itapendeza zipite kimya, polisi wasije wakasikia kuna mtu analala kwenye stoo yangu ya matairi."

Hapo Stanislaus aliona kitu ambacho hakukitarajia. Mulenda hakukasirika wala hakumsihi. Alimtazama kama mtu anavyotazama gari lililokwisha kabisa, lisilofaa hata kwa vipuri. Kisha akatoka. Kwa upenyo wa pazia Stanislaus alimwona akinawa mikono, akivua ovaroli, akivaa shati safi. Akatoa bisibisi mfukoni na kuiweka juu ya meza. Akampigia mtu simu, akaongea kwa Kibembe maneno machache.

"Stani yuko wapi?" sauti ya Twalibu ilisikika uani.

"Homa, mzee."

"Mungu ampe nafuu. Haya, twende zetu."

Habari zilifika saa saba mchana. Mbele ya Mvugwe kuna mteremko mrefu, na katikati ya mteremko mtu alikuwa akivuka na baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi. Twalibu alikanyaga breki. Breki zilifanya kazi, na hilo ndilo jambo la kuumiza: ziling'ata sawasawa, kwa nguvu zote ambazo dramu za zamani hazikuwahi kuwa nazo, na nguvu hizo zikauendea ule mkono. Ulikatika kwenye mshono. Gurudumu likageuka peke yake kwenda kushoto, gari likafuata, likaukuta ukuta wa mawe wa kalavati. Twalibu alivunjika mguu. Upande wa kushoto, upande wa abiria, haukubaki kitu. Mulenda alifia palepale, na mwenye baiskeli ndiye aliyemfunika kwa shuka.

Stanislaus alipoambiwa, kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa nafuu. Angekuwa yeye. Alishika kifua chake, mifupa yake mizima, na akashukuru. Cha pili kilikuwa hofu ya kuulizwa. Cha tatu, majonzi, kilichelewa, na kilipofika kilikuta nafasi zimejaa.

Aliulizwa kesho yake. Askari wa usalama barabarani alikuja na kile kipande cha chuma kwenye mfuko wa plastiki, akataka kujua nani alikifunga. Watu walikuwa wamejaa karakana, Sylvesta mbele yao.

"Kwetu anayepanda ndiye aliyefunga, afande," alisema Stanislaus. "Uliza mtu yeyote hapa. Mimi nilikuwa kitandani na homa."

Askari akawatazama waliokuwepo. Sylvesta alikuwa ameisikia ile habari ya kuhamisha mkono kwa masikio yake. Lakini desturi ni desturi, kila mmoja aliijua, na Mulenda alikuwa ndiye aliyekaa kwenye kile kiti. Sylvesta alitikisa kichwa kukubali, na wengine wakatikisa. Askari akaandika.

Firdausi alikwenda kwa mumewe ndani ya gari la kukodi. Tarehe kumi na tisa ilimkuta Félicité matangani.

Wiki ya sita Twalibu alifika karakana kwa magongo, mguu umefungwa plasta, kuulizia kama lile gari linaweza kufufuka. Aliletewa kiti, akakaa chini ya mabati, na wateja wakamzunguka kusikia kisa kwa mara ya kumi. Alikisimulia vizuri. "Kumbe yule bwana alijua," alisema. "Kila mlima ananiambia, mzee, thelathini tu, usipite thelathini. Mara tatu ameniomba tusimame, anaingia chini, anachungulia. Tulipofika Makere nikamwambia, bwana, mlima mkubwa tumeushuka, hapa ni kwenu, kambi hii hapa, shuka ukawaone watu wako. Akaangalia barabara ya kambini. Akaniangalia mimi. Akasema hapana, mzee, siwezi kukuacha peke yako na hii gari. Wallahi hivyo hivyo. Sasa mtu asiye na kosa anang'ang'ania nini?"

Watu wakaguna. Stanislaus aliiweka spana yake chini. Yeye peke yake pale alielewa kile kilichotokea Makere. Mtu alipewa mlango wa kutokea, mkewe na bintiye wako umbali wa kutembea kwa miguu, akakataa, kwa sababu ya Twalibu huyu anayemsema. Stanislaus aliona haya, haya za kweli, na lau angekuwa peke yake pengine angelia.

Ndipo Félicité akaingia, amemshika mkono Esperance. Wote wawili walikuwa wametembea toka stendi, vumbi mpaka magotini. Alisalimia kila mtu, mmoja mmoja, kisha akasimama mbele ya Stanislaus.

"Sikukuja juu ya makuta, patron. Feza sitaki. Kule kambini watoto wanamuambia huyu: papa yako alifanya kazi mubaya, karibu aue mzee wa watu. Analia kila siku, masomo ameacha. Useme tu mbele yake kama ni nani alichomea ile chuma. Neno moja. Tutaenda zetu, hatutarudia."

Stanislaus alimtazama mtoto. Alikuwa na macho ya baba yake, yaleyale ya kukagua. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lingetoka kabla mtu hajapepesa. Kisha akamtazama Twalibu kwenye kiti chake, akamtazama Sylvesta aliyekuwa ameacha kutafuna muwa, na akaiona kesho yake yote, karakana tupu, na watu wakipita barabarani wakimnyooshea kidole.

"Ni yeye, mama," alisema. "Pole sana."

Félicité alifumba macho. "Aliniambia kwa simu asubuhi ile. Aliniambia ni wewe."

"Mama yangu," alidakia Twalibu, kwa huruma ya kweli kabisa, "mimi nilikuwa naye. Niliona kwa macho yangu. Alikuwa akiingia chini ya gari kila mlima. Usimchukie mtu bure. Marehemu alijua kosa lake."

Maneno ya nani yangeshinda ya mzee mwenye mguu wa plasta, mtu mwema aliyekuwepo? Lakini aliyekuwa akisikiliza kwa makini kuliko wote alikuwa Esperance. Alitazama ule mguu. Akauchomoa mkono wake kwenye wa mama yake, akaenda mpaka mbele ya kiti cha Twalibu, akapiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta.

"Mzee, utusamehe juu ya kazi ya papa yangu."

Twalibu machozi yalimlengalenga. Alimwekea mkono kichwani. "Nimemsamehe, binti yangu. Mbele ya Mungu nimemsamehe."

Mtoto hakuinuka. Aligeuka palepale, bado kapiga magoti, akamwangalia Stanislaus, maana kazi ilifanywa kwake na jina la karakana lilikuwa lake. Watu wote nao wakamgeukia wakingoja. Félicité hakumtazama. Alikuwa ameinama, anashika mabega ya mwanawe kumwinua.

"Na mimi nimemsamehe," alisema Stanislaus.